Git ya kila siku: jua kwanza kazi yako iko wapi, amri zitafuata zenyewe

Wengi wetu tulijifunza Git (programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili ya mradi) kwa kukariri amri tatu, add alafu commit alafu push, zikikubali poa, zikigoma unakopi folda nzima kwenye desktop unaipa jina la "final_mpya_2" unafuta ya zamani unakloni upya kama hakuna kilichotokea. Mi mwenyewe nimeishi ivo karibu mwaka mzima. Shida sio kwamba amri ni nyingi, shida ni kwamba mtu anaandika amri bila kujua badiliko lake muda huo limekaa wapi, kwa hiyo kila meseji nyekundu ikitokea anaona kama kazi imeshapotea.

Kwa hiyo kabla ya amri yoyote, kariri sehemu nne. Ya kwanza ni folda yako, pale unapofungua edita na kuandika. Ya pili ni stejini, chumba cha kusubiri. Ya tatu ni ripo (ghala la historia ya mradi) iliyo ndani ya mashine yako, ile folda iliyofichwa ya .git. Ya nne ni ripo ya kwenye seva, ambayo timu nzima inaiona. Fikiria kupiga picha ya kundi: watu wamezagaa uani (folda), unawaita wale unaowataka wasimame mbele ya kamera (git add), unabonyeza (git commit), baadae ndo unaituma picha kwenye grupu (git push). Aliyekuwa uani hukumwita hatokei kwenye picha, na picha usipoituma hakuna mwingine anayeiona. Sehemu kubwa ya maswali ya "mbona badiliko langu halionekani" jibu lake liko hapo.

Na hiyo ripo ya kwenye mashine sio kivuli cha seva, ni ripo kamili yenye historia yote. Linus Torvalds, muanzilishi wa Linux, alipoianza Git mwezi Aprili 2005, baada ya timu ya kernel (kiini) ya Linux kukosa tena leseni ya bure ya BitKeeper, programu waliyokuwa wanatunzia kodi yao, alitaka hivyo hivyo, kila mtu awe na kila kitu. Ndo maana unaweza kukomiti, kuangalia historia, kufungua matawi (njia za pembeni za kufanyia kazi bila kugusa njia kuu) na kulinganisha matoleo intaneti ikiwa imekatika kabisa. Mtandao unauhitaji kwenye clone, fetch, pull na push tu.

Kuiweka sawa mara moja

Hakikisha ipo kwa `git --version`, alafu jitambulishe:

```
git config --global user.name "Jina Lako"
git config --global user.email "barua@pepe.yako"
git config --global init.defaultBranch main
git config --global pull.rebase true
git config --global fetch.prune true
git config --global core.editor nano
```

Hiyo ya nano ni ya huruma. Ukiandika `git commit` bila meseji Git inakufungulia edita, na kwenye mashine nyingi itakuwa Vim, kuna watu wamezima kompyuta ili watoke humo. Ukijikuta umo, bonyeza Esc, andika `:q!` alafu Enter, komiti inaghairiwa kwa sababu meseji ni tupu, hakuna kilichoharibika.

Kuhusu kuingia kwenye seva, kama unatumia GitHub (tovuti ya kuhifadhi ripo) jua kwamba toka tarehe 13 Agosti 2021 haikubali tena pasiwedi ya akaunti yako kwenye kupushi, unatumia tokeni (pasiwedi maalum unayotengenezewa) au funguo za SSH (jozi ya mafaili yanayokutambulisha kwa seva). Mi napendelea SSH, unatengeneza kwa `ssh-keygen -t ed25519`, unakopi faili lile linaloishia na .pub unalibandika kwenye mipangilio ya akaunti, na umemaliza kuulizwa ulizwa. Lile lisilo na .pub halitoki kwenye mashine yako hata aliyeomba awe nani.

Mradi uliopo tayari unauchukua kwa `git clone` na anwani yake. Mradi mpya unaingia kwenye folda unaandika `git init`, alafu kabla hujaadd kitu chochote, narudia kabla, tengeneza faili la .gitignore:

```
node_modules/
.env
*.log
```

Kwanini kabla? Kwa sababu .gitignore haina nguvu juu ya faili ambalo Git imeshaanza kulifuatilia. Kama .env (faili la mipangilio ambalo huwa na funguo za siri) ilishaingia, unaitoa kwa `git rm --cached .env` (faili linabaki kwenye folda, Git tu ndo inaacha kulifuatilia) alafu unakomiti. Lakini bado ipo kwenye komiti za nyuma! Ukishapushi faili lenye funguo za siri, hatua ya kwanza ni kwenda kubadilisha hizo funguo kule zilikotoka, sio kuhangaika kusafisha historia, maana mtu akishakloni ameshakloni. Na mafaili makubwa ya video au data usiyaingize, GitHub inakataa faili lolote linalozidi MB 100 na kulitoa kwenye historia baadae ni kazi ya kutoa jasho.

Mzunguko wa siku

Hii ndo nafanya karibu kila siku, kwa mpangilio huu huu:

```
git switch main
git pull
git switch -c rekebisha-jumla
```

Yani nahamia main (tawi kuu), navuta mapya, nafungua tawi langu la kazi hiyo moja. Ukiona maelezo mengine yanatumia `git checkout` usichanganyikiwe, ni yale yale, ila checkout ilikuwa inabeba kazi mbili tofauti, kuhama tawi na kurudisha mafaili, na ilikuwa rahisi kufuta kazi ukidhani unahama. Ndo maana toleo la 2.23 la Agosti 2019 likaleta `switch` na `restore`. Tumia hizo.

Tawi liwe dogo. Kazi moja tawi moja, likikaa wiki tatu bila kurudi main utakuja kulia wakati wa kuliunganisha.

Unaandika kodi yako (sio ya nyumba), ukifika mahali panapoeleweka unasimama:

```
git status
git diff
git add -p
git diff --staged
git commit -m "Hesabu jumla baada ya kutoa punguzo"
```

`git status` iandike mpaka vidole vikariri, haiharibu kitu na mara nyingi inakwambia yenyewe amri ya kujinasua. `git diff` peke yake inaonyesha kilicho kwenye folda ambacho hakijaenda stejini, ile ya `--staged` inaonyesha kilichosimama mbele ya kamera. Watu wanaadd, alafu wanaandika `git diff`, wanaona patupu, wanashtuka. Hakijapotea, kimehama chumba tu.

Sasa `git add -p`. Kama utachukua kitu kimoja kwenye maelezo haya yote chukua hii. Badala ya `git add .` inayozoa kila kitu mpaka zile print ulizoweka kutafuta bagi (kosa la kwenye kodi), hii inakuonyesha badiliko moja moja inakuuliza: y ndio, n hapana, s ligawe vipande vidogo zaidi, q nimetosheka. Unajikuta unapitia kazi yako mwenyewe kabla mtu mwingine hajaipitia, na ukiwa umerekebisha vitu viwili kwenye faili moja unaweza kuvitoa kama komiti mbili. Angalizo, mafaili mapya kabisa haiyaoni, hayo unayaadd kwa jina.

Meseji ya komiti: mstari wa kwanza mfupi, herufi 50 hivi, useme komiti inafanya nini. Kama kuna sababu isiyoonekana kwenye kodi yenyewe, acha mstari mmoja mtupu alafu eleza kwanini. "Fix", "mabadiliko", "sasa inafanya kazi" hazimsaidii mtu, na huyo mtu miezi sita ijayo ni wewe.

Alafu unapushi:

```
git push -u origin rekebisha-jumla
```

Hiyo `-u` ni mara ya kwanza tu, inaunganisha tawi lako na la kwenye seva, baada ya hapo `git push` inatosha. Na "origin" sio neno la ajabu, ni jina tu ambalo clone inalipa seva ulikokloni, `git remote -v` itakuonyesha anwani yake. Kutoka hapo unafungua ombi la kumerji (kuliunganisha tawi lako na main), wenzio wanapitia, maisha yanaendelea.

Main imesogea na wewe bado uko njiani

Hii haikwepeki kwenye timu. Mwenzio amemerji yake, tawi lako limeachwa nyuma. Unafanya:

```
git fetch origin
git rebase origin/main
```

`fetch` inaleta habari mpya bila kugusa folda yako, ni salama muda wowote. `rebase` inazichukua komiti zako inazipanga upya juu ya main mpya, historia inabaki mstari ulionyooka. Ungeweza pia `git merge origin/main`, inaunganisha bila kuzigusa komiti zako ila inaongeza komiti ya muunganiko. Watu wanabishana sana hapa, mi msimamo wangu ni mwepesi: tawi ambalo ni langu peke yangu nafanya rebase, tawi tunalochangia wawili watatu nafanya merge. Sababu ni kwamba rebase haihamishi komiti, inatengeneza mpya zenye heshi (namba ya utambulisho ya komiti) mpya na kuziacha za zamani, kwa hiyo kama mwenzio alishajenga kazi yake juu ya zile za zamani umemtoa kiti alichokalia.

Baada ya rebase, tawi kama ulishalipushi, push ya kawaida itakataliwa. Hapo watu hukimbilia `--force`. Tumia hii:

```
git push --force-with-lease
```

Tofauti ni kwamba hii inaangalia kwanza kama seva bado iko pale ulipoiona mara ya mwisho, kama kuna mtu ameongeza kitu inagoma, wakati `--force` inafuta tu bila kuuliza. Ila isikufanye ulale, ukifetch (au edita yako ikafetch yenyewe kimya kimya) bila kuangalia kilichokuja, Git itahesabu umeshaona na itakuruhusu kukifuta.

Mgongano

Neno linatisha kuliko jambo lenyewe. Wewe na mwenzio mmegusa mistari ile ile, Git haijui imsikilize nani, inawaachia muamue:

```
<<<<<<< HEAD
jumla = bei * idadi
=======
jumla = bei * idadi - punguzo
>>>>>>> 3f9c2ab (Hesabu jumla baada ya kutoa punguzo)
```

Juu ni upande mmoja, chini ni mwingine. Unafungua faili, unaandika jinsi inavyotakiwa kuwa (inaweza kuwa ya juu, ya chini, au mchanganyiko ambao haufanani na yoyote), unafuta alama zote tatu, unarun testi, alafu `git add` hilo faili na `git rebase --continue`. Kama ulikuwa kwenye merge unamalizia kwa `git commit`. Ukiona umepotea kabisa, `git rebase --abort` au `git merge --abort` inakurudisha ulipokuwa kabla hujaanza, bila hasara.

Mtego uliowahi kunila mimi: kwenye merge, HEAD (alama ya pale ulipo sasa) ni tawi lako, lakini kwenye rebase HEAD ni ile main unayopandia na kazi yako ndo inakuwa chini. Kwa hiyo ukibonyeza "chukua yangu" kwenye edita bila kusoma unaweza kuwa umetupa yako. Soma mistari, usisome lebo. Na weka hii itakusaidia sana:

```
git config --global merge.conflictStyle diff3
```

Inaongeza katikati jinsi mstari ulivyokuwa kabla yenu wote wawili, hapo unaelewa kila mmoja alikuwa anajaribu kufanya nini badala ya kubahatisha.

Kurudi nyuma

Hapa ndo penye vilio, kwa hiyo tukae kidogo. Swali la kwanza daima ni lile lile: badiliko liko sehemu gani kati ya zile nne?

Liko kwenye folda tu, hulitaki: `git restore jumla.py`. Kuwa makini, hii inafuta kweli, Git haikuwahi kuwa na kopi ya hicho unachokifuta.

Liko stejini, ulilipeleka kimakosa: `git restore --staged jumla.py`. Linarudi kwenye folda, kazi ipo.

Umekomiti lakini hujapushi: kama ni meseji imekosewa au umesahau faili moja, liadd hilo faili alafu `git commit --amend`. Kama unataka kuifungua komiti yote uipange upya, `git reset --soft HEAD~1` (HEAD~1 ni komiti moja nyuma ya ulipo) inaivunja na kuacha kila kitu stejini, `git reset HEAD~1` inaivunja na kurudisha kila kitu kwenye folda, na `git reset --hard HEAD~1` inaivunja na kutupa mabadiliko yake pamoja na chochote ulichokuwa hujakomiti kwenye mafaili ambayo Git inayafuatilia.

Hiyo ya mwisho nina historia nayo. Nilikuwa nimeandika mchana kutwa bila kukomiti hata mara moja, nikataka kuondoa komiti moja ya asubuhi, nikaandika `--hard` kwa sababu ndo niliyoiona mahali, folda ikarudi nyeupe kama sikuwahi kukaa pale. Niliandika upya usiku, kwa kukumbuka. Toka siku hiyo nakomiti kila baada ya kipande kidogo, hata kikiwa kibaya, ntakipanga baadae.

Umeshapushi na wengine wameshavuta: usifute historia, ongeza komiti inayoigeuza ile mbaya, `git revert` na heshi yake. Kama unayoigeuza ni komiti ya merge itakudai useme upande upi ni wa kubaki nao, kwa kawaida ni `git revert -m 1` na heshi.

Umekomiti kwenye main badala ya tawi, hujapushi, na folda ni safi (status haina kitu):

```
git branch usajili
git reset --hard origin/main
git switch usajili
```

Mstari wa kwanza unaacha alama pale ulipo, wa pili unairudisha main, wa tatu unahamia kwenye kazi yako. Hakuna kilichopotea.

Na ikitokea umefanya rebase mbovu au umefuta tawi lenye kazi, andika `git reflog`. Ni daftari la kila mahali HEAD ilipopita kwenye mashine hiyo, kwa mipangilio ya kawaida linatunzwa siku 90, na siku 30 kwa komiti ambazo hazifikiwi tena na tawi lako la sasa. Tafuta mstari wa kabla hujaharibu, chukua heshi yake, `git branch okoa 3f9c2ab`, kazi hiyo hapo. Kitu kilichowahi kukomitiwa ni kigumu kukipoteza. Kilichokuwa stejini bila kukomitiwa kuna matumaini madogo, `git fsck --lost-found` inaweza kukichimbua, bila jina la faili. Kilichokuwa kwenye folda tu, pole.

Kuweka kando kwa muda

Umeitwa kurekebisha bagi la haraka na uko katikati ya kazi:

```
git stash push -u -m "fomu ya usajili nusu"
```

`-u` inabeba na mafaili mapya, bila hiyo yanabaki. Ukirudi `git stash pop`. Ikigongana stashi haifutwi, inabaki kwenye `git stash list` mpaka uifute. Ila stashi zikifika tano hukumbuki ipi ni ipi, siku hizi mi nakomiti tu kwenye tawi na meseji "njiani", nikirudi navunja kwa `reset --soft`.

Nani alifanya nini, lini

`git log --oneline --graph --all` inakuchorea matawi yote. `git log -p jumla.py` inaonyesha faili hilo lilivyobadilika. `git log -S "punguzo"` inatafuta komiti zilizoongeza au kuondoa neno hilo, nzuri sana kwa kitu kilichopotea kimya kimya. `git blame -L 40,60 jumla.py` inakwambia kila mstari uliguswa mwisho na nani, na mara nyingi utakuta jina lako.

Bagi ambalo wiki mbili zilizopita halikuwepo unaliwinda kwa bisect:

```
git bisect start
git bisect bad
git bisect good v1.4.0
```

Git inaruka katikati, unatesti, unajibu `git bisect good` au `git bisect bad`, inagawa tena nusu. Komiti 1000 zinaisha kwa hatua kama 10. Kama una testi inayojiendesha, `git bisect run` na amri ya hiyo testi, nenda kanywe maji ukirudi imeshamtaja mhusika. Ukimaliza `git bisect reset`.

Komiti moja tu unaitaka kutoka tawi lingine, `git cherry-pick` na heshi. Toleo la kutolea nje unalipa tegi (lebo), `git tag -a v1.5.0 -m "Toleo la 1.5.0"`, na ukumbuke push ya kawaida haibebi tegi, `git push origin v1.5.0`.

Usafi baada ya kumerji

```
git switch main
git pull
git branch -d rekebisha-jumla
```

`-d` ndogo inakataa kufuta tawi ambalo kazi yake haijaingia main wala kwenye nakala yake ya kwenye seva, iache ikulinde. Ila kama timu yenu inamerji kwa kubana komiti zote kuwa moja, inaweza kukataa hata kama kazi imeingia, kwa sababu ile komiti iliyobanwa ina heshi nyingine. Hapo angalia `git log` ya main kwa macho yako, ukiiona ndo utumie `-D` kubwa. Na mabaki ya mafaili ambayo Git haiyafuatilii, anza na `git clean -nd` inayotaja tu itakachofuta, soma orodha yote mpaka chini, alafu ndo `git clean -fd`, maana hayo hata reflog haiyajui.